Shajara ya mradi: kilomita 2 za mbuga, chokaa, na ufa mmoja

7 Septemba

Tumefika. Kipande chetu ni kilomita 2 za barabara ya changarawe wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na kazi ziko mbili. Ya kwanza ni kujua udongo ulio chini ya changarawe unabeba nini, na chokaa kiasi gani itautuliza kabla barabara haijapakwa lami nyepesi. Ya pili ni kufuatilia kalavati la zege lililopo mita 1,340 kutoka mwanzo wa kipande, ambalo ukuta wake wa bawa (ule wa pembeni unaozuia udongo) umepasuka pale unapokutana na ukuta wa mbele.

Kwa asiyejua huku: mtu wa Usukumani akisema mbuga, usifikirie Serengeti. Anasema udongo mweusi, mzito. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, na mvua ikinyesha unageuka gundi. Leo umekauka kama tofali la kuchoma na vumbi limejaa kwenye daftari. Ukiiona barabara ilivyo sasa utasema haina tatizo lolote.

9 Septemba

Mashimo matano, kila baada ya mita 500, kama tulivyofundishwa. Shimo la kwanza mchanga mwekundu, mengine yote mbuga. Gunia kwa gunia, lebo mbili kila gunia, moja ndani na moja nje (ya nje hufutika, usiniulize nimejuaje).

Mzee mwenye shamba la pembeni alikuja kukaa chini ya mgunga kututazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta almasi?"

Tukacheka, maana mgodi wa almasi wa Mwadui si mbali. Nikamweleza. Akatazama mashimo yetu, akasema, "Sasa mbona ibushi mmeiruka?" Nimeliandika neno hilo pembeni ya ukurasa na kuendelea na kazi. Jua lilikuwa kali na gari la kutubeba lilikuwa linapiga honi.

10 Septemba

Siku nzima ya DCP, kipimo cha ugumu wa udongo papo hapo barabarani. Ni kifaa ambacho hata fundi wa baiskeli angeweza kukitengeneza. Nyundo ya kilo 8 inainuliwa na kuachiwa ianguke milimita 575 juu ya fimbo ya chuma, na mwisho wa fimbo kuna koni ya nyuzi 60 yenye kipenyo cha milimita 20. Mmoja anashika fimbo isilale, mmoja anapiga, mmoja anasoma imezama kiasi gani. Sisi tuko wawili, kwa hiyo mimi nimeshika, nimesoma na nimeandika.

Pembezoni mwa barabara, kwenye mbuga, koni ilizama milimita 8 kwa pigo. Katikati vilevile. Kwa fomula ya TRL (maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara) hiyo ni CBR, yaani namba ya uwezo wa udongo kubeba mzigo, ya karibu 33. Ningekuwa mtu wa haraka ningefunga virago leo na kuandika ripoti kwamba udongo huu ni mzuri.

23 Septemba, maabara

Mbuga imeonyesha rangi yake. Kwenye kipimo cha kusinyaa tunajaza tope laini kwenye kihori cha nusu bomba chenye urefu wa milimita 140, tunaliacha linyauke taratibu, kisha oveni. Sampuli za mbuga zilitoka zimejikunja kama ndizi, ncha zote mbili zimenyanyuka. Huwezi kuweka rula juu ya ndizi, kwa hiyo unapima mgongo, unapima tumbo, unachukua wastani. Nimepata milimita 115. Yaani asilimia 18 ya urefu imepotea kwa sababu maji yametoka, basi. Mchanga mwekundu wa shimo la kwanza umebaki 138.

Nakipenda kipimo hiki kuliko vingi vya bei kubwa. Hakihitaji umeme isipokuwa wa oveni, na mtu yeyote akiingia maabara na kuona vihori viwili vimewekwa sambamba anaelewa bila kuelezwa.

CBR ya kulowekwa: sampuli iliyoshindiliwa inakaa majini siku 4, ikiwa na uzito juu yake na geji ya mviringo ikisimama kwenye miguu mitatu kupima inavyovimba. Siku ya pili asubuhi fundi sanifu aliniita: "Njoo uone, mkate wako umeumuka." Mpaka siku ya nne mshale ulikuwa umezunguka karibu mara 9, na kila mzunguko ni milimita 1, kwenye sampuli yenye kimo cha milimita 127. Tulipoiminya, CBR ilikuwa 2. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa 1999 una madaraja ya S15, S7 na S3 kwa udongo wa chini, namba ikiwa CBR ndogo kabisa ya daraja hilo. Wa kwetu haujafika hata la mwisho.

Kwa hiyo udongo uleule ulinipa 33 barabarani na 2 maabara. Namba zote mbili ni za kweli, tofauti yake ni maji.

3 Oktoba

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Kipimo cha kujua kiasi cha chokaa ni rahisi. Unachukua gramu 20 za udongo uliochekechwa kwa chekecheo la mikroni 425, unaongeza chokaa asilimia 2, 3, 4, 5, 6, kila chupa na kiasi chake, maji mililita 100, unatikisa, baada ya saa moja unapima pH. Asilimia ndogo kabisa inayofikisha 12.4 ndiyo ambayo udongo unaitaka kwanza. Chini ya hapo chokaa yote inaliwa na udongo wa mfinyanzi na hakuna inayobaki kuushika. Ukifika hapo, silika na alumina (madini ya udongo huo) zinaanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, na unachopata kinaanza kufanana na saruji.

Chupa ya asilimia 6: 11.7. Nikaongeza 8. 11.9. Nikaongeza 10, nikijua kabisa kwamba hakuna barabara ya wilaya itakayowekewa chokaa asilimia 10. Bado. Nikasafisha elektrodi, nikairekebisha upya kwa myeyusho wa kulinganishia. Bado. Nimepoteza siku mbili na udongo wa shimo la tatu karibu wote.

5 Oktoba

Fundi sanifu hakusema neno. Alichota chokaa kidogo kutoka kwenye mfuko wangu, akaimwaga kwenye sahani ya kioo, akadondoshea tone moja la asidi. Ikachemka kama soda iliyotikiswa.

"Hii imekufa," akasema. "Uliufungua lini huu mfuko?"

Agosti. Niliufungua Agosti, nikachota ya kuonyesha wageni, nikaukunja mdomo na kuuweka jiwe juu. Chokaa iliyozimwa ikikaa wazi inavuta hewa ya ukaa na kurudi taratibu kuwa jiwe ililotoka, na jiwe la chokaa halipandishi pH ya kitu chochote hadi 12.4. Kwa macho ni ungauunga mweupe uleule. Mapovu ya asidi ndiyo yanayoiumbua.

Mfuko mpya, ndoo yenye mfuniko wa kubana, tarehe imeandikwa kwa maka. Nikarudia na udongo uliobaki: 12.4 kwa asilimia 5. Kihori cha kusinyaa chenye asilimia 5 kimetoka milimita 134 na kimenyooka. Kichupa cha asidi nimekiomba, sasa kinakaa mfukoni mwa begi langu la kazi.

19 Oktoba, kalavati

Kufuatilia ufa hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Skrubu tatu za chuma kisichoshika kutu, keekee, gundi ya epoksi, na kalipa. Mbili nimezifunga kwenye bawa, A na B, ya tatu C nimeifunga kwenye ukuta wa mbele, ng'ambo ya ufa, zikafanya pembe mraba. A–C inanipa upana wa ufa, B–C inanionyesha kama bawa linateleza juu au chini. A–B haipaswi kubadilika kabisa kwa sababu zote ziko kwenye kipande kimoja cha zege. Niliona ni kipimo cha bure lakini nimekifunga kwa kufuata maelezo.

Chini kidogo nimebandika kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa, kwa plasta. Kikivunjika, kuna kitu kimesogea. Watoto wanaochunga wamenizunguka wakitaka kujua kama ni kamera.

Usomaji wa kwanza, saa moja asubuhi, kwa milimita: A–C 61.4, A–B 80.0.

2 Novemba

Nimejiaibisha kwa msimamizi wangu. Wiki mbili za usomaji zilionyesha ufa unafunga na kufunguka karibu nusu milimita, leo hivi kesho vile. Nikachora grafu, nikamtumia na maneno "kalavati linacheza chini ya magari". Jibu lake lilikuwa sentensi moja: "Ulisoma saa ngapi?"

Nikaangalia daftari. Siku nilizolala kijijini nilisoma saa moja asubuhi. Siku nilizotoka mjini nilifika saa tisa alasiri. Zege linarefuka karibu sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ukuta wa mita 4, ukipata tofauti ya nyuzi 15 kati ya alfajiri na alasiri, unacheza milimita 0.6. Alfajiri zege limesinyaa na ufa uko wazi. Alasiri limevimba na ufa umefunga. Nilikuwa nimechora grafu ya jua.

Kuanzia leo usomaji ni saa moja asubuhi tu, kabla jua halijaugusa ukuta. Nalala kijijini.

15 Novemba

Mvua za kwanza zimeanza lakini bado kidogo kidogo. Faida ya kulala kijijini ni kwamba jioni mtu hana pa kwenda isipokuwa kwa watu. Nilikwenda kwa yule mzee, nikamuuliza lile neno.

Hakunijibu kwa maneno, alinitembeza. Juu kabisa, karibu na mawe, udongo wa mchangamchanga: *luseni*. Chini yake kuna *itogolo*, mgumu, maji hayapiti upesi, ndiyo maana watu wametengeneza majaluba ya mpunga pale. Chini zaidi kabla hujafika mbuga yenyewe, kuna mkanda mweusi unaoelekea kijivu, wenye vijiwe vyeupe kama punje za mahindi. "Hii ibushi. Mbuga na ibushi zinafanana rangi, lakini mkokoteni unajua."

"Mkokoteni unajua vipi, babu?"

"Masika ng'ombe wawili wanauvuta hapa. Pale" (akaonyesha kwa mdomo, mita mia tu mbele) "wanne, na bado tunasukuma."

Nikatoa kichupa. Tone moja kwenye kijiwe cheupe: mapovu. Tone kwenye mbuga ya mbele: kimya.

Sasa naiona ramani yangu ya Septemba kwa aibu. Mashimo kila mita 500 yaliangukia mbuga, mbuga, mbuga, mbuga, kwa sababu ibushi iko kati ya mita 1,060 na 1,290, katikati kabisa ya shimo la tatu na la nne. Barabara inashuka mteremko, na udongo umepangika kwa mteremko. Mimi nilipanga kwa kamba ya kupimia.

Niweke wazi jambo moja, maana rafiki yangu wa darasani keshasema "basi ibushi imejitibu yenyewe kwa chokaa". Hapana. Vile vijiwe ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa ule mfuko wangu uliokufa. Ninachokiona ni kwamba vimeupa udongo mifupa. Kihori cha ibushi kimetoka milimita 126. Kinasinyaa, ila si ndizi.

17–20 Novemba

Keekee ya mkono, kila mita 50, tone la asidi kila shimo. Viganja vimechubuka. Hakuna la kuandika zaidi ya namba.

6 Desemba

Asubuhi nasoma A–C: 61.5, sawa. B–C: imeruka milimita 1.3. Moyo ukaenda mbio, nikaona bawa limeteleza usiku mmoja. Nikasoma A–B kwa kufuata utaratibu tu: 81.6.

A na B haziwezi kuachana milimita 1.6 bila zege lenyewe kukatika kati yake, na zege lilikuwa zima. Nikaangalia skrubu B kwa karibu. Imepinda, na manyoya ya ng'ombe yamenasa kwenye nyuzi zake. Jana mifugo ilishuka kunywa maji, mmoja akaona mahali pazuri pa kujikuna.

Sitasema tena kwamba A–B ni kipimo cha bure. B mpya imefungwa, na nimezizungushia zote tatu kikopo cha rangi kilichokatwa tako.

24 Januari

Mvua imekatika. Usomaji wa kalavati tu. Nimetumia siku kuhesabu magari, kwa mkono, alfajiri mpaka jioni: pikipiki hazihesabiki, malori machache. Mizani hatuna, kwa hiyo uzito sijui na siandiki. Ila nimemfanyia mwenye lori mmoja hesabu aliyoniuliza: ekseli ya tani 10 inaichosha barabara kiasi gani kuliko ile ya kawaida ya tani 8.16? Ukigawa uzito mmoja kwa mwingine na kupandisha jibu kwa kipeo cha 4.5, mara 2 na nusu. Ekseli ya tani 13, mara 8. Akasema namba hizo nizipeleke kwa wanaopakia, yeye ni dereva.

28 Machi

Wiki ya tatu ya mvua mfululizo. Gari limekwama kilomita 4 kabla, tumetembea na DCP begani. Nyundo ya kilo 8 ikifika kilomita ya tatu inakuwa ya kilo 20.

Mbuga, pembezoni mwa barabara, nusu mita kutoka ukingoni: koni ilizama milimita 45 kwa pigo. Pigo la kwanza baada ya changarawe lilizama lenyewe kabla hata ya kuachia nyundo. CBR karibu 5. Katikati ya barabara, hatua tatu kutoka pale, milimita 18, CBR karibu 14. Ibushi pembezoni: milimita 15, karibu 17.

Septemba ukingo na katikati vilikuwa sawa. Leo kati yake kuna karibu mara tatu. Katikati imeinuka na maji yanakimbia, ukingoni mtaro umejaa tope na maji yamesimama hapo hapo yakinywewa. Kwenye barabara za lami za aina hii unyevu unaobadilika na msimu huingia karibu mita 1 kutoka ukingo, na tairi la nje linapita humo humo. Ndiyo sababu miongozo ya barabara zenye magari machache inataka mgongo wa barabara uwe angalau mita 0.75 juu ya sakafu ya mtaro, na mabega yapakwe lami pia, ili ule mkanda wa mita 1 ubaki chini ya bega, tairi lisiukute. Nimepima yetu: mahali pengi haifiki hata nusu mita.

Nimesimama na uzi na rula kwenye mvua nikipima kimo cha barabara, nikakumbuka ni wiki ngapi nimezitumia kubishana kuhusu asilimia 5 au 4 ya chokaa.

29 Machi, saa moja asubuhi

A–C 63.2. A–B 80.0, kwa hiyo naamini. Kioo kimevunjika, watoto wanasema tangu Jumapili, na wananiangalia kama nitawashtaki. Wakati huu si jua. Nyuma ya bawa kumejazwa mbuga ileile, imekunywa, imevimba, na inalisukuma bawa nje. Ni milimita 1.8 tangu Oktoba. Nondo za kona sijui ziko wapi wala kama zipo. Michoro ya kalavati haijapatikana.

21 Mei

Barabara imekauka juu, pamba imeanza kuvunwa, na malori ya kwanza yamepita yakiacha nyuzi nyeupe kwenye miiba.

Nimekabidhi rasimu. Chokaa asilimia 5 kuanzia mita 1,290 hadi mwisho, na kati ya mita 430 na 1,060. Ibushi isiguswe, ikatwe juu na kushindiliwa tu. Luseni vilevile. Hiyo inaondoa karibu theluthi moja ya chokaa kwenye makadirio ya kwanza, na fedha hiyo nimependekeza iende kwenye kuinua tuta na kuchimbua mitaro, kazi ambayo ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Msimamizi amerudisha rasimu na swali moja tu, kama majina ya udongo nimeyaandika sawasawa. Nimempelekea mzee karatasi. Amesahihisha moja.

Kuhusu kalavati sijaandika hukumu. A–C leo ni 62.6, inarudi, lakini haijarudi 61.4. Ikifika huko kiangazi kikiisha, bawa linapumua na mbuga na linaweza kuishi hivyo miaka. Ikigoma kwenye 62 na kitu, kila masika linasukumwa na halirudi lote, na hapo ni kufukua nyuma yake, kuondoa mbuga na kujaza mchanga na kuweka matundu ya kutolea maji. Skrubu zimebaki, kikopo kimebaki. Usomaji unaofuata ni Septemba, saa moja asubuhi.